Sentensi moja ya Kiswahili katikati ya pepa ya Kiingereza

Ukurasa wa 6, aya ya pili, katikati kabisa ya pepa yangu ya kwanza kuchapishwa, kuna sentensi inasema hivi: "hapa sina uhakika ni masaa 6 au 9 niangalie daftari la kijani." Pepa nzima ni ya Kiingereza. Hiyo sentensi nilijiandikia mwenyewe usiku macho yameshafumba, nikasema kesho ntaifuta, kesho yake nikasahau, nikatuma hivyo hivyo, na jarida nalo likachapisha hivyo hivyo, na mpaka leo ipo mtandaoni, ukitafuta jina langu unakutana nayo.

Barua ya kunikubalia ilisema pepa imepitiwa na wahakiki watatu wa kimataifa.

Ilikuwa 2016, mi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja huku kanda ya ziwa, masters yangu ina miezi 8 tu, na kila ukikaa na wenzako chai ya saa nne stori ni moja: pepa, pepa, pepa, bila pepa hupandi cheo. Utafiti wangu ulikuwa wa dagaa, kulinganisha dagaa wanaoanikwa mchangani na wanaoanikwa kwenye vichanja, nilikaa mwaloni wiki 5 na saa na mizani na hilo daftari la kijani, jua lote la ziwa limeniishia mgongoni. Kwa hiyo data nilikuwa nayo, ya kweli kabisa. Hapo ndo pananiuma mpaka leo, sikuwa na uongo wowote wa kuficha, nilikuwa na haraka tu.

Ikaingia imeili. Inaniita Profesa Mtukufu. Inasema wamevutiwa sana na kazi zangu zilizotangulia (zipi? sikuwa na hata moja) na wananikaribisha kwenye toleo lijalo, majibu ndani ya masaa 72. Jina la jarida lilianza na neno la Kimataifa na likaendelea kama mistari miwili, Sayansi na Teknolojia na Jamii na Biashara na nini sijui. Websaiti yao inang'aa, ina dunia inazunguka juu, ina nembo kumi na kitu pale chini. Nikatuma Jumatatu, Jumatano nimekubaliwa, hakuna hata nukta waliyotaka nibadilishe, na ada ni dola 150, kwa kipindi kile kama laki 3 na 25 hivi. Nilikopa kwenye kikoba cha dada yangu. Hela yenyewe niliambiwa niitume kwa jina la mtu binafsi kupitia wakala, sio akaunti ya taasisi, na bado sikushtuka jamani. Unajua mtu ukishaitwa Profesa Mtukufu masikio yanaziba.

Siku ya kamati ya kupandisha watu nilikuwa nje kwenye benchi. Aliyenisimulia alikuwemo ndani. Mzee mmoja wa idara nyingine, wale wanaosoma kila karatasi unayompa, akafika ukurasa wa 6 akanyamaza, kisha akaisoma ile sentensi kwa sauti, halafu akauliza, "Sasa hili daftari la kijani liko wapi, tuletewe?" Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akavua miwani. Sikupanda mwaka ule.

Niliwaandikia wale jamaa waifute. Wakajibu haraka, safari hii hawakuniita hata mwalimu, wakasema kufuta makala kuna ada yake, dola 200. Yaani kuingia 150, kutoka 200. Nikaacha.

Aliyeninyanyua ni mkutubi wetu, mzee wa maktaba aliyebakiza miaka miwili astaafu. Nilienda kumsalimia tu, nikamwambia shikamoo, akajibu marahaba mwanangu, nimesikia habari zako za daftari, kaa hapa. Akavuta kompyuta yake ya kizamani akafungua DOAJ, ile orodha ya majarida huria, yaani majarida ambayo yeyote anasoma bure bila kulipia wala kuingia kwa nywila. Akaniambia andika jina la jarida lako. Hamna. Andika ISSN yake, ile namba ya usajili ya jarida. Hamna. Akasema basi ungefanya hivi kabla ya kukopa, ni kazi ya dakika moja.

Pale ndo nikajifunza hiyo orodha ilianzia Chuo Kikuu cha Lund kule Sweden mwaka 2003 na majarida kama 300 tu, leo yako zaidi ya elfu 20. Jarida kuingia halilipi chochote, linaomba, wanaolikagua wengi wao ni watu wa kujitolea, wanaangalia wahariri ni akina nani, uhakiki unafanyikaje, ada imeandikwa wazi au imefichwa, leseni ya makala ni ipi. Lakini yule mzee hakuniacha niondoke nikidhani nimepata dawa. Akanisimulia kuwa mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga pepa ya uongo yenye makosa ya wazi kabisa akaisambaza kwa majarida huria 304, na majarida 157 yakaikubali, na kati ya yaliyoikubali yalikuwemo yaliyoorodheshwa humo humo DOAJ. Aibu ile iliwabana. Mwaka uliofuata masharti yakakazwa, majarida yote ya zamani yakaambiwa yaombe upya, na Mei 2016 wakaondoa kama 3,300 kwa mpigo ambayo hayakuleta maombi yanayoeleweka. Mi nilikuwa natuma dola zangu mwaka huo huo, fikiria.

Nikamuuliza, sasa mzee si kuna ile orodha ya majarida matapeli, ya Beall? Maana kila mtu alikuwa anaitaja. Jeffrey Beall alikuwa mkutubi wa chuo kimoja Colorado, Marekani, miaka kadhaa alikuwa anaorodhesha wachapishaji wanaotiliwa shaka, na kweli alisaidia watu wengi, ila Januari 2017 aliifunga, na yanayozunguka sasa ni makopi yanayotunzwa na watu wengine. Mzee wa maktaba hakumpenda sana. Alisema huyu bwana kuna mahali aliita SciELO, mfumo wa majarida huria ulioanzia Brazil mwaka 1998 na unaoheshimika, eti ni mtaa wa mabanda wa machapisho. Akasema, "Mwanangu, umaskini sio utapeli. Jarida letu hapa lina websaiti mbaya kama nini, lakini ukileta pepa mtu anaisoma."

Hayo maneno yamenikaa kuliko orodha zote. Kwa sababu ukitazama vizuri lile jarida lililonila lilikuwa zuri kwa macho, na majarida mengi ya vyuo vyetu ukifungua websaiti unaweza kudhani imekufa, picha ya mkuu wa chuo aliyestaafu bado ipo, toleo la Juni limetoka Novemba, lakini ndani kuna mtu alikaa usiku akakata sentensi za mwenzake.

Tangu hapo nina tabia zangu. Kabla ya kitu chochote nafungua toleo la mwisho la jarida nasoma makala mbili tatu, sio muhtasari, makala. Lile la kwangu ningefungua tu toleo lililotangulia ningekutana na makala ya mikopo ya benki, ikifuatiwa na ya meno ya watoto, ikifuatiwa na ya nguzo za madaraja, na baadaye dagaa wangu walikuja kuanikwa kwenye kichanja hicho hicho. Hakuna mhariri duniani anayejua meno, madaraja na dagaa. Halafu nachukua DOI ya makala moja, ile namba yake ya kudumu mtandaoni, naibandika doi.org nione inanipeleka kwenye makala yenyewe au inagoma, maana matapeli wengine wanatunga namba tu zifanane. ISSN naiangalia kwenye tovuti ya kituo chao cha kimataifa, ila naiangalia kama unavyoangalia namba ya gari, inakwambia gari limesajiliwa, haikwambii breki zinashika. Siku hizi kuna na majarida yaliyotekwa, mtu anaiba jina na ISSN ya jarida la heshima anafungua websaiti yake pembeni anakusanya hela, kwa hiyo hata ISSN ikiwa sahihi hakikisha anwani ya websaiti uliyopo ndo ile iliyosajiliwa. Na impact factor, ile namba ya jarida linanukuliwa kiasi gani, ya kweli inatolewa na Clarivate peke yao, ukiona jarida linajisifia impact factor ya shirika usilowahi kulisikia jua imenunuliwa kama nyanya.

Kuna kitu kingine watu wanaona aibu kukifanya ila mi nakifanya. Namwandikia mmoja wa waliotajwa kwenye bodi ya wahariri. Sio mhariri mkuu, yule wa katikati huko chini. Namwambia shikamoo profesa, nimeona jina lako kwenye jarida fulani, nataka kuleta kazi, je unalifahamu? Mmoja, mtu wa Kenya, alinijibu ndani ya saa moja, "Mwalimu, hilo jarida ndio nalisikia kwako." Alikuwa amewekwa na picha yake kabisa, amevaa na tai. Mwaka 2017 kuna watafiti walichapisha kwenye Nature jaribio lao, walitunga daktari asiyekuwepo, jina Anna O. Szust, na hilo oszust kwa Kipolandi maana yake tapeli, wakaomba awe mhariri kwenye majarida 360, na 48 yakampa kazi. Mwanamke hayupo! Wachache kati ya hayo 48 walikuwemo DOAJ pia, ndo maana nakwambia orodha ni mlango tu, ukishaingia bado una macho.

Basi mwaka 2018 nikaenda tena mwaloni msimu mzima, data mpya, daftari jipya (la bluu, la kijani nilishindwa hata kulitazama). Nikachagua jarida huria la kikanda lenye uso mbaya. Kwenye barua kwa mhariri nikamweleza ukweli wote, kwamba kuna pepa yangu ya zamani kwenye jarida la hovyo, kwamba hii ni data nyingine, asije akaikuta mwenyewe akanifikiria vibaya. Akajibu mistari miwili, asante kwa kusema, endelea.

Miezi 7. Kuna wakati nilidhani wamekufa wote. Majibu yakaja kurasa 4 za maswali kutoka kwa wahakiki wawili. Wa kwanza mpole. Wa pili, eeh, yule mtu sijui ni nani na sitakaa nimjue, ila alikuwa ameanika dagaa maishani mwake, haiwezekani iwe vingine. Aliuliza matundu ya wavu wa kichanja yana upana gani. Aliuliza kichanja kiko juu ya ardhi sentimita ngapi. Aliuliza, unasema dagaa wamekauka, umejuaje wamekauka, umepima maji yaliyobaki au umeshika kwa mkono? Na akauliza masaa. Umehesabu kuanzia dagaa wanaposhushwa kwenye mtumbwi au wanapotandazwa?

Nilimchukia siku mbili. Siku ya tatu, lile swali la masaa likinisumbua, nikalishusha lile daftari la kijani toka juu ya kabati, nikapangusa vumbi, nikatafuta. Ilikuwa masaa 6 kwenye kichanja na 9 mchangani. Kwenye ile pepa ya kwanza, baada ya ile sentensi maarufu, nilikuwa nimeyaandika kinyume. Yaani utafiti uliochapishwa kwa jina langu unamwambia mchuuzi wa dagaa wa Kirumba, Mwanza, kwamba mchanga unakausha haraka kuliko kichanja, wakati nimeona kwa macho yangu wiki 5 kwamba ni kinyume chake, na hakuna kati ya wahakiki watatu wa kimataifa aliyeuliza hata swali moja. Hapo ndo nililia, sio kwenye kamati.

Nikajibu kila swali. Ikachapishwa mwaka uliofuata, ada hamna, leseni ya CC BY, yaani mtu yeyote anaishusha na kuitumia mradi anitaje. Kuna afisa uvuvi wa wilaya moja alinipigia akasema ameichapa ameibandika ofisini, na mi nawaambia hiyo simu ilikuwa tamu kuliko kupanda cheo, japo cheo nacho nilipanda.

Sasa upande wa pili wa hii stori ndo hauongelewi sana. Kusoma bure na kuchapisha bure kuna mtu anakulipia, na mara nyingi halipi kwa hela, analipa kwa usiku wake. 2021 mkuu wa idara akaniita akaniambia mwalimu, wewe umeumwa na nyoka, njoo uwe katibu wa jarida letu. Nikakubali bila kujua nakubali nini.

Jarida letu linaendeshwa na OJS, ile programu ya bure ya kuendeshea majarida iliyotengenezwa na mradi wa PKP kule Canada, majarida maelfu duniani yanaitumia. Nzuri sana, ila lazima uihuishe, na ya kwetu haikuwa imeguswa miaka 4. Asubuhi moja mwanafunzi ananitumia skrini, mwalimu mbona jarida letu linatangaza kamari? Kweli. Nafungua makala ya mmomonyoko wa udongo, pembeni chini kuna kasino ya Kiasia. Wadukuzi walishaingia zamani wamepanda kurasa zao ndani. Tulikaa na kijana wa TEHAMA wikiendi mbili, yeye anasafisha mi namletea chipsi na maji, na nikawaza mtu akitukuta wiki hiyo angesema nini, si angetuandika kwenye orodha ya matapeli papo hapo.

Tulivyomaliza nikasema tuombe DOAJ. Tukakataliwa. Kosa sio kamari. Wana sharti kwamba kwenye toleo, makala za utafiti zilizoandikwa na wahariri, wanabodi au wahakiki wa jarida lenyewe zisizidi asilimia 25, na sisi nilipohesabu toleo la mwisho lilikuwa na makala 8, na 5 ni za watu wa bodi. Hatukuwa na nia mbaya, tulikuwa hatupati makala basi kila toleo likipungua tunajazana wenyewe kwa wenyewe kama daladala la jioni. Lakini ukikaa ukafikiri, nani atamkatalia makala mkuu wa idara yake? Nilipeleka hiyo hesabu kikaoni na ukimya ulikuwa mzito. Mmoja akasema kwani sisi hatuaminiki? Nikamwambia kaka, mi niliaminika sana 2016.

Tukasubiri ile miezi 6 wanayotaka kabla ya kuomba tena. Kipindi hicho tukaandikia watu Makerere, Sokoine, Zanzibar, Bujumbura, tukaomba makala na tukaomba wahakiki. Wahakiki ndo mtihani. Unaandikia watu 9 unapata mmoja, na huyo mmoja anasema nipe mpaka baada ya mitihani. Na hawa wanaokataa ndo hao hao wanaopiga simu kuuliza mbona pepa yangu haijatoka. Nimejiwekea sheria, kila pepa yangu moja ikikubaliwa mahali nahakiki tatu za wengine, maana yangu nayo ilisomwa na watu wawili na mhariri mmoja, ni deni.

DOI tulikuwa tunaziogopa kwa sababu ya ada ya uanachama wa Crossref, wale wanaozisajili, ila tangu Januari 2023 wameondoa ada kwa nchi kadhaa zenye uchumi mdogo na Tanzania imo. Kuna majarida mengi ya bongo bado hayajui hili, kama uko kwenye bodi nenda kaangalie leo. Kabla ya hapo tulikuwa AJOL, ile tovuti ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998 na sasa ofisi yake iko Makhanda, Afrika Kusini, na mpaka leo wasomaji wetu wengi wanapitia huko. Mwenzangu wa idara ya Kiswahili naye Mulika na Kioo cha Lugha anazipatia humo humo. Ila sio kila jarida la AJOL ni huria, mengine unasoma muhtasari tu kisha unadaiwa, uwe makini. Wao na shirika la INASP la Uingereza walitengeneza na utaratibu wa kuyapa majarida nyota kwa jinsi yanavyoendeshwa, na naupenda kwa sababu hauishii kukwambia zuri au baya, unaliambia jarida wapi limepungukiwa.

Mara ya pili DOAJ walitukubali. Imeili iliingia nipo kwenye foleni ya gesi, nikampigia mzee wa maktaba, ameshastaafu yuko kwao anafuga, akasema, "Aa, vizuri mwanangu. Sasa msilale." Basi, hakuna na hongera.

Mwezi uliopita imeletwa makala ya kijana wa masters, kuhusu mihogo. Kiingereza chake kizuri tu, halafu ukurasa wa 11 nakutana na mabano: (nimuulize bibi waliiloweka siku ngapi). Nilikaa naitazama muda. Sikuifuta. Nikampelekea mhakiki kama ilivyo, na mhakiki akaandika pembeni: mwandishi akamuulize bibi. Kijana akaenda, siku 4, na kumbe ya maji ya kisima na ya maji ya mtoni sio sawa, ikabidi jedwali lote lipangwe upya.

Domeni yetu inaisha mwezi wa 3. Chuo kimeshasema bajeti haijatoka, kwa hiyo tunachanga kama kawaida, mwaka huu zamu ya kukusanya ni yangu na mpaka sasa wametuma watu wawili.